Mtafuteni Wakili Kabla Hamjachanga Hela

Wakulima vijana wa Bukoba, Muleba na wilaya jirani, leo naomba tuweke pembeni mnyauko wa migomba na bei ya kahawa. Nataka tuongelee ugonjwa mwingine unaoua mashamba yetu, ambao hauna dawa kwenye duka lolote la pembejeo. Ugonjwa huo ni ubia wa mdomo.

Mnaujua unavyoanza. Vijana wawili au watatu wanakaa jioni, mmoja ana kipande cha rweya cha baba yake, mwingine ana akiba ya kazi ya Dar es Salaam, wa tatu ana nguvu na anajua kilimo. Wanakubaliana parachichi, au vanila, au nyanya za bondeni. Wanapeana mikono. Wiki inayofuata miche imeshanunuliwa. Mimi huitwa kupima nafasi za mashimo, na nikiuliza "mmeandikishana?" najibiwa, "Afisa, huyu ni ndugu yangu kabisa."

Baada ya miaka mitatu naitwa tena. Safari hii hakuna anayeniuliza habari ya mbolea. Wananiuliza kama naweza kuja kushuhudia kwamba fulani ndiye aliyenunua miche. Hapo ndipo wanapoanza kutafuta wakili, kila mmoja na wake, na hela iliyotakiwa kwenda shambani inaishia kwenye nauli za kwenda mahakamani.

Msimamo wangu ni huu: wakili wa ubia ni pembejeo ya mwanzo, kama mche bora. Anatafutwa kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Ukimtafuta wakati mmeshagombana, umekuwa kama mtu anayetafuta mche bora wakati shamba limeshakauka.

Msipoandika ninyi, sheria imeshawaandikia

Vijana wengi wanadhani bila karatasi hakuna ubia, kwa hiyo hakuna kinachowabana. Hapo ndipo pabaya. Kwa sheria ya Tanzania, watu wakifanya biashara pamoja kwa lengo la kupata faida, hao ni wabia tayari, wawe wameandikishana au hawajaandikishana. Mambo haya yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwenye sehemu inayohusu ubia. Na sheria hiyo ina masharti yanayotumika pale ambapo wabia hawakukubaliana vinginevyo. Tuyaangalie kwa mfano.

Tuseme mmoja yuko Dar, ametuma milioni 6 kwa simu, kidogo kidogo. Mwenzake yuko Kamachumu, hakutoa hata shilingi, ila kwa miaka miwili ndiye anayepalilia, anamwagilia na kulala shambani wakati wa wizi. Hawakuandika kitu. Shamba likitoa faida, sheria inasema wanagawana sawasawa. Likipata hasara, wanabeba sawasawa vilevile. Huyu wa Dar ataona ameonewa, maana hela yote ni yake. Huyu wa Kamachumu naye akidai mshahara wa miaka miwili, ataambiwa mbia hana haki ya mshahara kwa kufanya kazi ya ubia, isipokuwa kama walikubaliana hivyo. Kila mmoja ana uchungu wake wa kweli, na sheria haikumwonea yeyote. Imejaza tu nafasi waliyoiacha wazi.

Kuna la tatu ambalo huwa linawashtua watu. Kila mbia anaweza kuwafunga wenzake kwa shughuli za kawaida za biashara yenu. Mwenzako akikopa viuatilifu na mbolea kwa jina la shamba, deni hilo ni lenu wote, hata kama ulikuwa umelala. Hela za shamba zisipotosha, mdai anaweza kufuata mali zako binafsi: pikipiki yako, ng'ombe wako.

Na la nne: mbia akifariki, ubia unavunjika, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Mwenye nyanya anaweza kusema sawa, tunavuna tunagawana. Lakini mwenye parachichi za miaka minne afanyeje? Warithi watakuja, tena kwa haki yao, kudai fungu la marehemu wakati mti ndio kwanza umeanza kulipa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja tu: je, masharti haya ya sheria ndiyo mliyoyataka? Kama siyo, kaeni muandike yenu.

Ardhi yetu ina wenyewe wengi

Mkataba wa ubia uliotungwa kwa ajili ya duka la simu Kariakoo hautoshi hapa kwetu, kwa sababu hapa kwetu ubia wa kilimo unaanzia kwenye ardhi, na ardhi ya Kagera ina tabu zake. Kibanja ni cha familia, mara nyingi ni cha ukoo. Kina migomba, kahawa na makaburi ya mababu. Rweya nayo, ambako vijana wengi sasa mnapanda parachichi na miti, inaweza kuwa ya mtu, ya ukoo au ya kijiji, na si kila anayekuonyesha mpaka ana mamlaka ya kukupa.

Ipo kesi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anafundishwa, na ilianzia hapa hapa Muleba. Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia, akamuuzia mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo wake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo kwa mila za Kihaya. Shauri likapanda ngazi hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inabagua na inapingana na Katiba: mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume, ila ukoo unaweza kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi hela yake. Ndiyo kesi ijulikanayo kama Ephrahim dhidi ya Pastory.

Ulikuwa ushindi mkubwa kwa dada zetu, na kila binti anayesoma hapa aujue. Lakini tazameni upande wa pili: aliyenunua aliingia kwenye kesi iliyopita mahakama tatu. Sasa jiulize, ukiwekeza hela yako kwenye shamba la ukoo wa mwenzako kwa neno lake peke yake, umejiandaaje siku baba mdogo atakapotokea?

Wakili mzuri atauliza maswali ambayo ninyi mnaona aibu kuulizana. Ardhi hii ni ya nani kwa karatasi? Kuna hati ya hakimiliki ya kimila au hakuna? Mzee ameridhia? Kama mwenye ardhi ana mke au mume, naye ameridhia kwa maandishi? Halafu lile kubwa kuliko yote: mwenye ardhi anaingiza ardhi yenyewe kwenye ubia, au anaingiza matumizi yake tu kwa miaka kadhaa? Kama ni matumizi tu, siku ubia ukiisha miti ni ya nani? Ndoo ya mahindi mnaweza kugawana. Mparachichi hamuwezi kuupasua katikati.

Kaeni ninyi kwanza, wakili baadaye

Kosa lingine ninaloliona ni kwenda kwa wakili mikono mitupu na kumwambia "tuandikie mkataba". Atawaandikia, lakini hajui kwamba ua la vanila linachanua asubuhi moja tu, na lisipochavushwa kwa mkono asubuhi hiyo limepotea. Hajui kwamba podo zake zinakaa mtini karibu miezi tisa kabla hazijakomaa, na mwizi anazijua siku zote hizo. Hayo mnayajua ninyi. Kwenye mkataba wa vanila, kipengele cha nani anakuwepo shambani wakati wa kuchavusha kina uzito kuliko kurasa kumi za Kiingereza kigumu.

Kaeni siku moja, bila rubisi mezani, muandike kwa mkono majibu ya mambo haya:

1. Nani anatoa nini: hela, ardhi, kazi, pampu, usafiri. Kila kitu kipewe thamani ya shilingi, hata jasho.
2. Anayekaa shambani analipwa posho kila mwezi, au anasubiri faida, au vyote viwili?
3. Faida na hasara zinagawanywaje, na lini? Kwa zao la miaka, mtakula nini kabla halijazaa?
4. Nani anaweza kukopa au kuuza kwa jina la shamba, na mpaka kiasi gani bila kuwauliza wenzake?
5. Hela zinapita wapi? Akaunti ya pamoja yenye saini zaidi ya moja, au simu ya mtu mmoja?
6. Mmoja akitaka kutoka, akiugua, akifariki au akiacha kutoa alichoahidi, inakuwaje? Nani anathamini mali, na wanaobaki wanalipa kwa muda gani?
7. Mkigombana, mnaanzia kwa nani kabla ya mahakama?

Mkishindwa kukubaliana kwenye namba 6 mkiwa bado mnachekeana, jueni hamtakubaliana mkiwa mmenuniana. Ni bora kuachana hapo mezani, kila mtu na hela yake mfukoni. Nimewaona vijana walioachana hivyo na leo bado ni marafiki.

Karatasi hiyo ndiyo mnayompelekea wakili. Yeye kazi yake ni kuifanya ishike kisheria, na kuwaonyesha mashimo ambayo hamkuyaona.

Wakili yupi, na unamjuaje

Bukoba mjini kuna Mahakama Kuu, kwa hiyo ofisi za mawakili hazikosekani, na Muleba ina Mahakama ya Wilaya. Kupata mtu mwenye tai na muhuri si kazi. Kazi ni kujua kama ni wakili kweli, maana vishoka wapo, na hao huwa wanapenda sana watu waliotoka vijijini na bahasha mkononi.

Kwanza, mwombe jina lake kamili, ulitafute kwenye mfumo wa Mahakama ya Tanzania unaoitwa e-Wakili. Unaingia kwa simu yako. Wakili halali yumo kwenye orodha ya mawakili, na leseni yake inahuishwa kila mwaka. Kama hayumo, au leseni imekwisha, shukuru na uondoke. Wakili halali ni mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, na akikukosea kimaadili ipo Kamati ya Mawakili unayoweza kumlalamikia. Kishoka utamlalamikia kwa nani?

Pili, usichanganye watu. Mtendaji wa kijiji anaweza kushuhudia mmesaini, lakini hiyo haimfanyi kuwa mwanasheria. Kijana wa steshenari anachapa vizuri, lakini anabadilisha majina tu kwenye mkataba wa nyumba ya kupanga. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ni watu wa maana sana: wanaelimisha na kuelekeza. Anzeni kwao kama hamjui pa kuanzia, lakini wao si mawakili.

Tatu, muulize maswali bila woga. Umewahi kuandaa mikataba ya kilimo au ya ardhi ya kijiji? Ada yako ni kiasi gani kwa kazi nzima, na inahusisha nini? Ipo amri ya mwaka 2015 inayoongoza malipo ya mawakili, kwa hiyo kuuliza bei si utovu wa adabu. Dai risiti, na makubaliano ya ada yaandikwe.

Nne, muulize anamwakilisha nani. Hili vijana hawalijui kabisa. Kama mwenye hela ndiye amemleta na kumlipa wakili, huyo wakili anaweza kuwa anamlinda mwenye hela peke yake. Hakuna ubaya, ila wengine mjue, na mpewe nafasi ya kuupeleka mkataba kwa mtu mwingine ausome kabla hamjasaini.

Tano, dai mkataba wa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini. Hakuna sababu ya kusaini kitu ambacho hukielewi eti kwa sababu kinaonekana cha kisomi. Usomwe kwa sauti mbele yenu wote, mwenye ardhi na mke wake wakiwepo.

Mwisho, muulize habari ya ushuru wa stempu. Unalipwa TRA, na mkataba unatakiwa kupigwa stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe pamoja na faini. Karatasi mliyoilipia mkaifungia kabatini bila stempu inaweza kuwaangusha siku mnayoihitaji.

Ubia, kampuni au kikundi?

Hapa pia wakili anahitajika, maana watu wanachanganya. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA ni kitu kizuri, lakini kinasajili jina tu. Hakisemi faida mnagawanaje, wala hakiwakingi na madeni. Kampuni ni mtu wake kisheria: ina mali zake na madeni yake, na hisa zinaweza kurithiwa bila shamba kuvunjika. Kwa hiyo kwa parachichi, kahawa ya eneo kubwa au vizimba vya samaki ziwani, mara nyingi naona kampuni inafaa kufikiriwa. Lakini ina kazi zake: taarifa za kila mwaka BRELA, hesabu za TRA. Kwa nyanya za msimu mmoja, mkataba mfupi wa ubia unatosha. Na katiba ya kikundi mliyoandika kwa ajili ya mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri ni ya kikundi. Msiitegemee ifanye kazi ya mkataba wa ubia.

"Lakini afisa, sisi tunaaminiana"

Nimelisikia hili mara nyingi kuliko ninavyosikia habari ya senene. Nawajibu hivi: mkienda kuoa, si mnatuma mshenga? Mnapendana, wazazi wanafahamiana, na bado kuna mtu wa kati anayesema mambo ambayo ninyi mngeona aibu kuyasema, na mahari inaandikwa. Hakuna anayesema mshenga ameleta kutoaminiana. Wakili wa ubia ni mshenga wa biashara.

Wengine wanasema ni gharama. Ni kweli ni gharama, na kwa kijana anayeanza hela ni ngumu. Lakini igawanyeni kwa idadi yenu, muiweke kwenye bajeti ya shamba kama mnavyoweka miche na usafiri. Kama bajeti yenu ya mamilioni haiwezi kubeba ada ya wakili, basi haiwezi kubeba pia msimu mmoja wa ukame. Na kama kweli hamna kabisa, walau ile karatasi ya mambo saba isainiwe na wote mbele ya mashahidi, na ujumbe wote wa kutumiana hela utunzwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za simu kutumika kama ushahidi. Hiyo ni huduma ya kwanza tu, bado haijawa matibabu.

Nina jambo moja la kuwakumbusha wazawa wa hapa. Wote tunaijua butura: mzee ana shida ya ada au msiba, anauza kahawa ikiwa bado mtini, na bei anapanga mnunuzi. Serikali imepiga kelele miaka mingi, na bado inaliza familia. Butura inawezekana kwa sababu mmoja ana haraka na mwingine ana kalamu. Ubia ambao mmoja ameleta karatasi iliyokwisha kuandikwa na mwingine anasaini kwa sababu anataka mtaji haraka ni butura ile ile, ila imevaa suti. Kinachouzwa safari hii ni miaka yako.

Kwa hiyo mwenye haraka ya kupanda mvua zijazo, nakuomba upunguze haraka kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza kaeni muandike mambo saba. Wiki ya pili nendeni Bukoba kwa wakili mliyemhakiki. Mkimaliza nipigieni, nije na kamba yangu tupime mashimo. Na nikiuliza kama mmeandikishana, msinijibu. Nionyesheni karatasi.